Anza Mwanzo, Sikusikia Vizuri

Siku mliponiaga pale kituoni mlinipa chupa kubwa ya chai, mwavuli na doti ya kanga, na msemaji wenu akasimama akasema nimetumikia kwa weledi. Neno hilo siku hizi halikosi kwenye hotuba, lakini bado sijamsikia anayelieleza. Tulipokaa kula pilau, nyinyi wa zamu ya mchana mkanizunguka mkaniuliza jambo la maana zaidi: mtu akikuwekea simu usoni, anakurekodi huku anakutukana na kukuuliza wewe nani, unafanyaje? Niliwajibu kwa kifupi kwa sababu pilau ilikuwa inapoa. Sasa nina muda, na mguu huu unanikataza shamba, kwa hiyo nawaandikia jibu lenyewe.

Vyeo na mishahara sitavigusa. Vyeo mlikuwa mnaviona begani, na mishahara mnaijua wenyewe.

Mimi ni Mnyamwezi wa Tabora. Mlishike hilo, litakuja kufanya kazi mbele. Nilifika Morogoro moja kwa moja kutoka depo ya mafunzo, na sanduku la bati na buti zilizonibana vidole, nikapangwa doria ya sokoni pamoja na Sajini Banzi. Alikuwa Mluguru wa Matombo, mwembamba, na kifuani amening'iniza filimbi ya shaba aliyokuwa akiisugua kwa majivu mpaka inang'aa. Nikampigia saluti, nikajitambulisha. Akaniangalia kuanzia buti hadi kofia.

"Mnyamwezi?"

"Ndiyo, afande."

"Hatimaye wameniletea mpagazi wangu. Babu yako alibeba mizigo akaishia njiani, na wewe umekuja kuimalizia."

Wenzangu wa depo wangeshtuka, mimi nilifurahi mpaka buti zikaacha kubana. Nikamjibu kwamba babu yangu aliitua mizigo hapa kwa sababu Waluguru walikuwa wameshaanza kuila. Akacheka, tukaanza kazi. Kwa ambao mmekulia mbali na mambo haya: Wanyamwezi na Waluguru ni watani. Mtani anakutania, anakutukana, anakunyang'anya kofia, na huruhusiwi kununa. Na ukifa, mtani ndiye mwenye kazi. Anavaa nguo zako, anaiga mwendo wako, anazuia jeneza lako lisipite mpaka ndugu zako wacheke na kulikomboa kwa jogoo au chochote kilichopo. Asipofika mtani, watu huona msiba umepwaya.

Wiki ile ile nilimwona Banzi akifanya kazi kweli. Lori la kabichi kutoka Mgeta lilirudi nyuma likavunja meza ya mama mmoja muuza nyanya. Dereva akakimbia, na aliyebaki wa kutukanwa akawa Banzi, kwa kuwa alikuwa amevaa sare. Yule mama alimtukana yeye, akamtukana mama yake, akaitukana na serikali. Soko zima likasimama kutazama. Mimi nilishaanza kufungua kifungo cha mfuko wa pingu. Banzi akaweka kiganja nyuma ya sikio, akainama kidogo.

"Anza mwanzo, mama. Sikusikia vizuri."

Mama akaanza upya. Matusi yakawa machache zaidi, na katikati yake yakatokea mambo ya maana: rangi ya lori, jina lililoandikwa ubavuni, saa lilipoingia. Banzi akatikisa kichwa kwa masikitiko. "Anza mwanzo tena, mama, kelele za watu hizi." Safari hii mama alikaa juu ya kreti, akaeleza kama anamsimulia shemeji yake. Jioni dereva alipatikana.

Tulipokuwa tunarudi kituoni akaniambia, "Nyamizi, mtu mwenye hasira ni kama gunia lililofungwa vibaya. Matusi yako juu, yatatoka kwanza. Habari iko chini. Ukimpiga au ukimfokea, hufiki chini."

Alinifundisha mengine pia. Taja jina na namba yako kabla hujaulizwa, kwa sababu ukiulizwa ukanyamaza, umeshaonekana una la kuficha. Mikono iwe mahali inapoonekana. Vua miwani ya jua unapozungumza na mtu. Kirungu kikae kiunoni, maana kikishafika mkononi, mkono nao unataka kukitumia. Wakati ule hapakuwa na simu za kamera, wala aliyezifikiria. Banzi alikuwa anasema tu kwamba soko lina macho mengi kuliko sisi, na kwamba yale macho nayo yanaenda nyumbani kusimulia. Alipostaafu alirudi Matombo kwenye migomba na mdalasini wake, akawa ananitumia ndizi kwa basi na ujumbe wa kunitukana.

Simu zilipokuja zilitukuta hatujajiandaa. Pale Msamvu, mwenzetu mmoja alisimamisha bodaboda, abiria wake akiwa mwanafunzi wa chuo kule Mazimbu. Yule kijana akatoa simu, akaanza kurekodi kwa utulivu kabisa. Mwenzetu akanyoosha mkono akaziba kamera. Hakusema tusi, hakumgusa mtu. Lakini video iliyosambaa mjini haikuwa na bodaboda wala kosa lake, ilikuwa na kiganja kikubwa kinachokuja usoni, na kwa nyuma sauti inasema "hebu toa." Watu wakajaza wenyewe yaliyobaki. Mwenzetu akaitwa Afande Kiganja mpaka alipohamishwa, na nasikia jina lilimtangulia huko alikokwenda.

Tangu hapo nikawa nawaambia wote waliopita mikononi mwangu: mtu akirekodi, usimfuate yeye, fuata kazi yako. Kama amesimama pabaya, mwonyeshe pazuri. "Simama hapa upande wa tairi, mdogo wangu, hapo utagongwa, na hapa utaona vizuri zaidi." Atashangaa kidogo, na akishashangaa sauti yake inashuka. Sema jina na namba yako kwa sauti ambayo simu itaidaka. Halafu ongea kana kwamba mama mkwe wako ataitazama video hiyo sebuleni mbele ya wageni, kwa sababu ataitazama.

Mwishoni mwa utumishi wangu nilikuwa kwenye kituo kidogo cha njia ya kwenda Matombo. Barabara mnaijua. Mvua ikinyesha inakuwa mto wenye mawe, na mvua ikikatika yanabaki mawe. Huko ndiko nilikoletewa Konstebo Deus, kijana wa Bukoba, bado yuko kwenye kipindi cha majaribio. Niseme ukweli, nilimpenda tangu siku ya kwanza. Alikuwa anapiga pasi sare yake kwa pasi ya mkaa kila jioni, mikunjo inakata. Sheria alikuwa anazijua kwa vifungu. Kwao alikuwa wa kwanza kuvaa sare ya aina yoyote, na mama yake alikuwa ameitundika picha yake ukutani. Shida yake moja ni kwamba aliipenda sare ile kupita kiasi, mtu akiicheka anaona amechekwa mama yake. Nami nilijua kwamba kosa moja tu katika kile kipindi lingemrudisha Bukoba bila sare. Siku zile wakubwa walikuwa wameshatuonya kuhusu video. Atakayeonekana anamtendea raia vibaya, hatasubiriwa aeleze.

Ndipo Banzi akafa. Alifia hospitali mjini, na mwili ukawa unapelekwa Matombo kuzikwa makaburi ya misheni. Nilipewa ruhusa ya kumsindikiza nikiwa na sare, kwa heshima ya askari mstaafu. Nilikaa gari la mwisho katika msafara, nikitazama kiti cha mbele yangu bila kukiona. Nilikuwa na huzuni, na nilikuwa na aibu ya kipekee ya mtani aliyevaa sare: kazi yangu msibani pale ilikuwa kumsumbua marehemu, na sare ilinifunga mdomo. Nikajifariji kwamba Mzee Shija yupo.

Mzee Shija ni fundi seremala wa Matombo, Mnyamwezi ambaye baba yake alikuja kukata mkonge akasahau kurudi. Alikuwa mtani wa Banzi wa kila siku. Na kwa kuwa marehemu alikuwa polisi, Shija alifikiria vizuri cha kufanya. Aliingia ndani kwa Banzi akachukua kaptura yake ya khaki ya zamani, shati la sare lenye viraka, kofia, na ile filimbi ya shaba. Akaenda kujipanga barabarani mita chache kutoka kwenye kizuizi chetu. Gari lenye jeneza lilipotokea akapuliza filimbi, akanyoosha mkono mbele ya boneti, akaanza kazi ya utrafiki.

"Dereva, zima gari. Abiria wako wa nyuma amelala, hajafunga mkanda. Leseni ya marehemu iko wapi?"

Ndugu wa Banzi waliokuwa wanalia wakaanza kucheka huku wanalia. Mjukuu wake, Felista, msichana wa chuo, akatoa simu kurekodi kwa ajili ya shangazi zake walioshindwa kufika.

Konstebo Deus alikuwa kwenye kizuizi. Jiwekeni mahali pake. Amemwona mzee asiye askari amevaa sare ya polisi, jambo ambalo ni kosa na kifungu chake anakijua. Mzee huyo amesimamisha gari lenye maiti, na watu wengine wanacheka. Kwao Bukoba hakuna anayethubutu kufanya hivyo msibani. Alitoka mbio. Mimi nilikuwa bado nyuma ya kona, gari letu limenasa kwenye matope. Nikasikia filimbi, kisha vicheko, kisha vicheko vikakatika ghafla. Nikashuka nikatembea kwa haraka kadiri mguu ulivyoniruhusu.

Nilichokikuta ni hiki. Deus amemkaba Mzee Shija ukosi kwa mkono wa kushoto, na wa kulia umeinua kirungu. Kofia ya Banzi iko chini kwenye tope. Wanaume waliotoka kusafisha kaburi, mapanga bado mikononi, wameshamzunguka, na hakuna anayecheka. Simu zimeinuliwa kila upande, nyingine juu kwenye kingo za barabara. Felista yuko mbele kabisa, simu karibu na uso wa Deus.

"Taja jina lako! Taja namba yako! Unampiga mtani wetu msibani?"

"Zima hiyo simu!" Deus alikuwa anapiga kelele mpaka sauti inapasuka. "Zima, nimesema! Na wewe mzee, umevaa sare ya jeshi, unadhani hii ni nguo ya maigizo? Nitakuvunja!"

Niliogopa, nawaambieni. Niliogopa kirungu kitashuka, na kikishashuka mapanga yale nayo yatapanda, na mbele ya jeneza la Banzi tutakuwa na maiti nyingine. Nikafungua mdomo kutoa amri. Kabla sijatoa, Mzee Shija, shingo imebanwa, akainua kiganja taratibu akakiweka nyuma ya sikio, akainama kadiri alivyoweza.

"Anza mwanzo, kijana," akasema. "Sikusikia vizuri."

Ilikuwa sauti ya Banzi. Mtani akimwiga marehemu huwa hafanyi mchezo, na Shija alikuwa amemsikiliza mtu yule maisha yake yote. Ilikuwa ile sauti kavu yenye kikohozi mwishoni. Mjane wa Banzi, aliyekuwa ndani ya gari, akatoa kilio kimoja.

Deus akageuka akaniona. Uso wake ulikuwa unaniomba nimwambie la kufanya. Ningeweza kumwamuru amwachie, na angetii, lakini angetii akiwa amevuliwa nguo mbele ya kamera zote zile, na hasira ingebaki ndani yake mpaka imkute mtu mwingine siku nyingine. Nikamwambia, "Konstebo, umeulizwa. Anza mwanzo."

Kirungu kikashuka, kikarudi kiunoni. Mkono wa kushoto ulikawia kidogo, nao ukaachia.

"Mimi ni Konstebo Deus," akasema, akataja na namba yake.

"Sauti," akasema Shija kwa sauti ya Banzi. "Anza mwanzo."

Mtu mmoja akacheka kwa pua. Deus akarudia jina na namba kwa sauti ya kusikika, safari hii akiitazama simu ya Felista. "Nimekuona umevaa sare na wewe si askari. Nimekuona umesimamisha gari lenye marehemu, na watu wanalia." Hapo sauti ikaanza kushuka yenyewe. "Nikadhani unawadhalilisha. Kwetu mtu akifanya hivyo msibani, wanampiga."

"Kwenu wapi?" akauliza Felista.

"Bukoba."

Felista alikuwa na machozi ya hasira bado. "Huku, kaka yangu," akamwambia, "anayefanya hivyo ndiye tuliyekuwa tunamsubiri."

Deus akamtazama Mzee Shija, viraka, kaptura, filimbi. Nikaona kitu kinamwingia. Akainama akaokota kofia kwenye tope, akaipangusa kwa kiganja chake mwenyewe, yeye ambaye alikuwa hapendi hata vumbi, akamvalisha mzee. Akamnyoosha na ukosi.

"Samahani, mzee wangu. Shikamoo."

"Marahaba. Sasa unazuia barabara," akasema Shija. "Sogea pembeni, ninashughulika na abiria asiye na leseni."

Kicheko kilichotoka pale kilisikika, nadhani, mpaka misheni. Jeneza likakombolewa kwa jogoo na mkungu wa ndizi. Lilipopita kwenye kizuizi, Deus alikuwa amesimama wima kando ya njia, saluti imenyooka, tope limejaa kwenye mkono wa shati lake.

Ingeishia hapo ningekuwa nimewaandikia hadithi nzuri tu. Jioni ile ile video ya mtu aliyekuwa juu ya kingo ilikuwa imeshaingia kwenye magrupu. Ilikuwa fupi, ina ukosi na kirungu, basi. Chini yake wameandika kwamba polisi apiga mzee msibani. Kesho yake simu ikalia kutoka juu, Deus akaitwa ajieleze, na wenzake wakaanza kumsemesha kama mtu anayesafiri. Usiku wake nilimwona anapiga pasi ile sare taratibu sana.

Nilikwenda Matombo kwa Felista. Sikumwomba afute kitu wala apunguze kitu. Nilimweleza tu kinachoendelea. Alinisikiliza huku anapeta mchele wa matanga.

"Alimkaba mzee, mama," akasema. "Hilo nalo limo kwenye yangu."

"Limo," nikasema. "Peleka yote."

"Hata pale anaponifokea?"

"Hasa hapo. Ukiikata na wewe, utakuwa huna tofauti na yule wa kwenye kingo."

Akaendelea kupeta. Siku ya shauri alifika na Mzee Shija, safari hii mzee amevaa koti lake mwenyewe. Video ikatazamwa yote, kuanzia vicheko vya wafiwa hadi saluti, pamoja na kelele zote za Deus ambazo hazikupendeza masikioni mwa mtu. Afisa aliyesikiliza shauri akamuuliza, "Sasa wewe ni yupi kati ya hawa wawili?"

"Wote wawili, afande," akajibu Deus. "Aliyeinua ni mimi. Aliyeshusha pia ni mimi."

Mzee Shija alipoulizwa kama ana malalamiko akasema analo moja: kijana alimkaba mtani akiwa kazini, na mpaka leo hajaleta jogoo. Deus alipewa karipio kali na adhabu ya zamu za ziada, na sare akabaki nayo. Jogoo alipeleka mwisho wa mwezi. Nasikia alichagua mwenye sauti mbaya makusudi, na Shija akasema sasa huyu Mhaya anaanza kuelewa.

Hilo ndilo jibu langu kwa swali lenu la kwenye pilau. Simu itakurekodi wewe unayeinua. Kazi yako ni kuhakikisha inakupata na wewe unayeshusha, na hiyo haiwezekani kama umeiziba kwa mkono.

Limebaki dogo. Wiki ya kwanza baada ya kurudisha sare stoo, nilimpigia Deus anipeleke Matombo. Alinipandisha kwa pikipiki yake, mawe yote ya njia ile yakapita mgongoni mwangu. Mjane wa Banzi akatupa chai ya mdalasini, kisha tukaenda makaburini. Nilikuwa nimevaa ile kanga mliyonipa. Siku ya maziko nilisimama hapo kikakamavu kama mlingoti, mtani wa watu nisiye na neno. Sasa hakuna aliyenizuia. Nikamwambia Banzi kwamba nimefika na mizigo yake haipo, tumeitupa njiani. Nikamwambia amelala saa za kazi. Nikamdai leseni.

Nikasikia Deus akijikohoza. Alikuwa amesimama kando ya msalaba, simu imeinuliwa.

"Endelea tu, mama," akasema. "Nakurekodi. Ila hujataja jina na namba."

Nikaigeukia simu nikataja jina langu, nikataja na namba ya jeshi ambayo si yangu tena. Hapo nikalia kidogo, na Deus hakuizima simu wala hakuuliza. Upepo wa mlimani ulikuwa unapita kwenye migomba. Nilipomaliza kulia nikaweka kiganja nyuma ya sikio, nikainama kwenye kaburi mpaka mguu ukalalamika.

"Anza mwanzo, afande," nikamwambia. "Sikusikia vizuri."